Kifo cha Malkia Kabula

Siku Watu wa Maji walipotuchomea ghala la mtama, nilijua kuna mtu kati yetu anatuuza.

Ghala lenyewe halipo, usihangaike kulitafuta. Lipo kwenye simu, kwenye mchezo wetu wa kuandika, ambao sisi watu sitini na kitu wa Simiyu tunaucheza Telegram mwaka wa nne sasa. Kila mtu ana mhusika wake. Anaandika mhusika wake kafanya nini, kasema nini, mwenzake anajibu. Kuna watemi, kuna wachawi, kuna fisi wanaoongea. Mume wangu anauita ujinga wa watu wazima, na mimi namjibu kwamba yeye huwa analilia timu ya mpira ambayo haijui hata jina lake.

Zamani tulikuwa nchi moja. Tuligawanyika mwaka juzi kwa ugomvi ambao ukiuliza leo, kila upande una habari yake. Wenzetu wa Busega, wale wa Nyashimo na Kalemela, walidai sisi wa Bariadi na Itilima tunajipendelea kwenye kutunga sheria. Sisi tukasema wao hawaandiki, wanapiga kelele tu. Wakajitoa, wakafungua kundi lao, wakajiita Watu wa Maji. Sisi tukabaki Watu wa Mwamba. Babu yangu alikuwa mcheza ngoma wa Bagika, mahasimu wa Bagalu, na siku za mashindano hakuwahi kula nyumbani kwa Mgalu hata mmoja, akiogopa kuwekewa dawa. Nilikuwa namcheka sana. Kumbe na mimi nikafika mahali nikawa sipokei simu ya shemeji yangu kisa anakaa Nyashimo.

Mipango ya vita ya Mwamba ilikuwa mikononi mwa watu watatu tu. Mimi, Generoza, mwenye steshenari karibu na stendi ya Bariadi. Mwalimu Maganga, ambaye anafundisha hesabu na anajisikia. Na Minza wa Nkoma, rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, mkulima wa pamba, anayechaji simu kwa sola aliyoiweka juu ya banda la kuku.

Minza ndiye aliyekuwa na mhusika aliyependwa kuliko wote, Malkia Kabula. Kabula lilikuwa jina la mama yake mzazi, aliyefariki miaka sita iliyopita, na Minza alimwandika vilevile alivyokuwa: namna ya kufoka, namna ya kumsifu ng'ombe kabla ya kumkamua, namna ya kumwangalia mtu mwongo bila kumjibu. Siku moja aliniambia, "Gene, nikimwandika Kabula namsikia mama. Huyu akifa, mwenzangu, nitakuwa nimefiwa tena." Nikamwambia asinitie uchuro. Lakini sheria ilikuwepo, na aliyeitunga ni mimi: mhusika akifa, hafufuki. Niliitunga kwa sababu watu walikuwa wanakufa Jumatatu halafu Jumatano wanaoa.

Basi ghala likaungua. Wiki iliyofuata tukapanga kuvunja daraja lao, tukawakuta wamekaa juu ya daraja wanatusubiri, wanatucheka. Tukapeleka ng'ombe wa mahari kwa njia ya siri, wakachukuliwa wote mia mbili. Mtemi wao, anayeandikwa na jamaa mmoja wa Nyashimo anaitwa Method, akatuandikia hadharani, "Watu wa Mwamba, asanteni kwa kutuletea." Yule hakuwa anabahatisha. Alikuwa anataja mpaka saa.

Nikaanza kuwaangalia wenzangu kwa jicho lingine. Maganga alikuwa na njaa ya sifa, kila kitu anataka aonekane yeye. Lakini Minza ndiye aliyenikosesha raha. Dada yake si ameolewa Kalemela? Mbona siku hizi anachelewa kujibu? Mbona aliuliza, "Tunaanza saa ngapi?" wakati saa imeandikwa? Nikaambiwa sola imeharibika. Nikasema moyoni, sola gani hiyo inayoharibika siku za vita tu. Ukishaanza kumshuku mtu, hata akikusalimia unajiuliza kwa nini leo kasalimia hivi.

Maganga akapendekeza twende kwa mfumu, yule mpiga ramli, akatutajie msaliti.

"Mwalimu," nikamwambia, "utamwanzaje mtu mzima? Kwamba fisi wa kwenye simu kaibiwa siri?"

"Kwa hiyo wewe una njia gani?"

Nilikuwa nayo, ila sikumwambia. Na yeye nilikuwa namshuku.

Jumatatu nikaandaa mipango miwili ya uongo. Wa Maganga niliuandika palepale kwenye simu, mistari miwili: Jumamosi tunapita lango la mlimani. Wa Minza niliupa muda, maana Minza ananijua, angenusa uongo upesi. Nikaandika ukurasa mzima: Jumamosi tunavuka mto kwenye kivuko cha mawe, nani anatangulia, nani anabeba ngao, Kabula akae wapi. Nikauchapa kwenye karatasi kama kawaida yangu. Kioo cha simu yangu kimepasuka katikati, siwezi kusahihisha kitu bila karatasi na kalamu nyekundu. Nikausahihisha mara mbili, karatasi nikazitupa kwenye boksi la karatasi mbovu chini ya mashine, maneno nikamtumia Minza peke yake. Nikafunga duka nikiwa na furaha mbaya.

Jumamosi mchana langoni mlimani hapakuwa na mtu. Kivuko cha mawe, jamani! Watu wa Maji walikuwa wamejaa pale kama siku ya gulio, na Method kaandika, "Tunamsubiri Kabula, tumesikia atakaa nyuma ya jiwe la tatu."

Jiwe la tatu. Maneno yangu yaleyale. Nililia, nikwambie ukweli. Nililia mbele ya mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa.

Jumapili baada ya ibada tukakaa baraza kwenye kundi. Nikaweka mipango yote miwili, wa Maganga na wa Minza, watu wajionee. Hakuna aliyebisha. Minza akaandika, "Gene, sijamwambia mtu yeyote. Nakuapia kwa kaburi la mama." Nikamjibu kwamba kaburi la mama yake alipumzishe. Akaandika tena, "Basi nitoe mimi. Kabula mwache awe mzee, akae tu, asiandikwe. Usimuue." Maganga akasema sheria haina rafiki. Kura zikapigwa, arobaini kwa tatu.

Adhabu ya msaliti kwetu ni kutengwa, kama vijijini kwetu tunavyomtenga mtu: hasalimiwi, haombi moto akapewa, haombi maji akapewa. Tofauti ni kwamba kwenye mchezo anatengwa mpaka afe, na mtunza sheria ndiye anayeandika kifo. Mtunza sheria ni mimi.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo pabaya. Mama yake Minza alipokuwa hospitali akisubiri upasuaji, alikatazwa kunywa chochote. Minza alikuwa naye, na mimi nilikuwepo. Mama aliomba maji mchana kutwa. Mwishoni akasema, "Mwanangu, hata tone la kulowesha ulimi." Minza hakumpa, kwa sababu ndivyo alivyoelekezwa, na mama hakutoka kwenye upasuaji ule. Maneno hayo tuliyasikia watu wawili tu duniani. Na mimi, kwa hasira zangu, nikayachukua nikayaweka mdomoni mwa Malkia Kabula. Nikaandika anatambaa nyumba kwa nyumba akiomba hata tone la kulowesha ulimi, na milango inafungwa. Nilijua pa kumchoma. Nikachapa, nikasahihisha kwa kalamu nyekundu, nikatuma. Watu wakanisifu kwamba sijawahi kuandika vizuri hivyo.

Jumatano saa saba njaa ikaniuma. Nje ya mlango wangu kuna Mama Kwandu, anakaanga karanga na kuuza, tumekaa jirani miaka mitano. Nikanunua. Nikala mpaka chini, nikaifungua ile karatasi aliyoisokota nipate za mwisho. Nikaona wino mwekundu. Mafuta yalikuwa yameloanisha nusu, lakini inasomeka: "Kabula akae nyuma ya jiwe la tatu."

"Mama Kwandu, hii karatasi umeitoa wapi?"

"Kwako, si kwenye lile boksi? Mwenyewe uliniambia niwe nachukua, hazina kazi."

Kweli nilimwambia. Miaka mitano iliyopita.

"Na wateja wako ni akina nani?"

"Hee, Generoza, wateja si wateja? Wa stendi. Kuna yule baba anayeleta dagaa kutoka Nyashimo kila Alhamisi, huyo ananisumbua, anataka zenye maandishi tu. Eti zina hadithi tamu. Namwekea. Anaitwa nani vile, Metodi."

Nilikaa chini palepale kwenye ngazi ya duka. Mpango wa Maganga haukuchapwa, ndiyo maana langoni hapakuwa na mtu. Wa Minza niliuchapa, nikauweka mwenyewe mkononi mwa adui, nikaita ushahidi. Msaliti wa Mwamba alikuwa mashine yangu na uzembe wangu.

Sitajifanya malaika. Wazo la kwanza lilikuwa kukaa kimya. Nani angejua? Karatasi naichoma, boksi nalifunga, Kabula kafa kafa. Nikainama nitoe zilizobaki, na ya juu kabisa ilikuwa ile ya kifo, na wino wangu mwekundu pale nilipokuwa nimefuta "maji kidogo" nikaweka "tone", ili yafanane kabisa na ya hospitali. Nikaikunja nikaitia kwenye mkoba, nikaita bodaboda ya kwenda Nkoma.

Minza nilimkuta uani juu ya turubai, anachambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, kule. Aliponiona hakuinuka.

"Mwadila," akasema. Miaka yote tumesalimiana kwa kurukiana na kutukanana. Hiyo ilikuwa salamu ya mgeni anayepita njia.

Nikaitikia. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha bati kimejaa maji, akanipa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni yeyote anayefika kwetu na vumbi la njia. Akarudi kwenye pamba yake. Nikakishika tu. Nikamweleza yote, karanga, boksi, Method, mpango niliouchapa na ule ambao sikuuchapa. Sikujitetea. Nikamwambia leo hiihii nitaandika kwenye makundi yote mawili, la kwao na la kwetu, kwamba msaliti ni mimi, na mhusika wangu anakufa kwa sheria yangu mwenyewe. Nikamwambia nitaifuta sheria, Kabula atarudi.

"Asirudi," Minza akasema. "Mama harudi. Nilikuwa najidanganya."

"Minza, nisamehe."

Alikuwa anatoa jani kavu kwenye pamba, taratibu.

"Ulimuuaje?" akauliza. "Mimi nilitoka kwenye kundi baada ya kura. Sikusoma. Watu wamenipigia simu kunipa pole, wanasema uliandika vizuri sana."

Nikaushika mkoba.

"Si unachapaga kila kitu? Unayo hapo. Nisomee."

"Hapana, dada."

"Gene, nisomee alivyokufa mama yangu."

Nikaitoa. Mkono mmoja karatasi, mkono mwingine kikombe, nikasoma. Nikasoma milango inavyofungwa. Nilipofika kwenye tone la kulowesha ulimi nikalisoma na lenyewe. Nikasoma mpaka mwisho. Minza mikono yake ilikuwa imesimama juu ya pamba.

Kuku wakapanda juu ya turubai, hakuwafukuza. Kisha akanitazama, akatazama kile kikombe mkononi mwangu, bado kimejaa.

"Kunywa," akasema. "Umetoka mbali."