Ya Zamani Kwanza

Mdogo wangu tunamwita Injinia. Jina hilo nilimpa mimi, kwa kejeli, siku alipofungua redio ya nyumbani akashindwa kuifunga. Yeye akalichukua kama cheo. Leo anauza nyama buchani na bado anajitambulisha hivyo, hata kwa watu wasiojua jina lilikotoka.

Huyo ndiye aliyekuja nyumbani kwa baba na kompyuta kuukuu, diski na fungu la nyaya, akapiga magoti chini ya televisheni na kutangaza kwamba sasa sebule ina mtambo. Mtambo ungerekodi vipindi wenyewe, ungecheza picha, ungetunza kumbukumbu za familia nzima. Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Kulikuwa na kanda ya video, mjomba aliipiga zamani kwa kamera ya kuazima, na ndani yake mama yuko uani anachambua mchele huku akisimulia jinsi baba alivyokuja kumchumbia akatumbukia mtaroni. Mama alishatutoka. Sauti yake haikuwepo kwingine kokote, na baba, ambaye macho yamemfifia akabaki kuona vivuli, alichohitaji ni hiyo sauti.

Haki yake nitampa: kwa hilo aliweza. Aliazima deki, akaisafisha kanda, akaihamishia kwenye mtambo, na sauti ya mama ilipotoka kwenye spika mara ya kwanza nilikimbilia jikoni nikalie huko. Tangu hapo kila alasiri baba alikaa kwenye kiti chake, mimi nikambonyezea rimoti, naye akamsikiliza mkewe na kubishana naye. "Mtaro gani? Lilikuwa dimbwi," alikuwa akisema, na kucheka peke yake.

Nilipouliza kanda iko wapi, Injinia akasema ameitupa.

"Ya nini sasa, dada? Imeota ukungu. Mama yumo humu," akasema, akiupigapiga mtambo kwa kiganja.

Nilimfokea mpaka jirani akafunga dirisha. Siku nyingine nikamkuta amesimama nyuma ya kiti cha baba, anampiga video kwa simu, eti akawaonyeshe wenzake buchani jinsi mtambo wake unavyofanya kazi. Mzee wa watu anaongea na marehemu mkewe, na huyu anatafuta sifa. Nilimwambia baba si tangazo la biashara, nikamtoa nje na simu yake.

Halafu ikaja alasiri nilipobonyeza rimoti na mama hayupo. Kwenye orodha ya rekodi kulikuwa na mpira tu. Juu mpira, chini mpira, nusu fainali, marudio ya nusu fainali, na wanaume wanne wamekaa mezani wanaeleza kwa nini goli lilikuwa goli.

"Mbona kimya?" baba aliuliza.

Nikamdanganya kwamba waya umelegea, nikatoka uani kumpigia simu Injinia. Niliyomwambia siwezi kuyarudia hapa. Alifika na koti la buchani bado mwilini, akachuchumaa mbele ya mtambo, akapekua, na nikamwona bega linashuka.

"Diski imejaa," alisema kwa sauti ya chini.

"Ikijaa inakuwaje?"

"Inafuta yenyewe, ipate nafasi ya kurekodi. Nilivyoipanga, inafuta ya zamani kwanza."

"Mama tumemweka juzijuzi. Mipira mingine ilikuwemo kabla yake."

Akachezea kona ya koti.

"Niliandika tarehe," alisema hatimaye. "Tarehe ya kanda yenyewe, mwaka ule mjomba alipoipiga. Nilitaka iwe sahihi, dada. Nilimuuliza mjomba mpaka mwezi. Mtambo ukaona ya mama ndiyo ya zamani kuliko zote."

Mtu huyu kila kitu maishani mwake amekifanya nusunusu. Redio nusu, shule nusu, ukuta wa choo cha baba ameupaka rangi upande mmoja. Mara moja tu, moja tu tangu azaliwe, akaamua kuwa makini, na ndiyo hiyo. Angeandika upuuzi wowote, mama angekuwepo. Nilitamani kumchapa kofi, na kilichonizuia ni kwamba baba alikuwa ameshaingia chumba cha pili, angesikia.

Tulimpelekea fundi wa kompyuta ile diski. Alihangaika nayo, akatuambia pale alipokuwa mama pameshaandikwa mpira, hapachimbuliki. Injinia akaanza kumshukuru kwa maneno mengi. Nikamvuta kwa ukosi.

"Utamwambia wewe," nilisema. "Kwa mdomo wako mwenyewe, na mimi niko pale."

Akamwambia, amesimama katikati ya sebule kama mtoto aliyevunja sahani. Baba alisikiliza yote, mkono ukipapasa mkono wa kiti.

"Kanda je?"

"Niliitupa, baba."

"Basi," alisema baba.

Basi tu. Nilitaka apige kelele, avunje kitu, amlaani. Upole wake ulinipandisha hasira zaidi, nikafungua mdomo nimsemee. Injinia akaniwahi, ameshatoa simu mfukoni.

"Ipo ile niliyopiga kwa simu. Ile dada aliyonifukuzia."

Akaiunganisha na televisheni. Kioo kizima kilikuwa kisogo cha baba, na pembeni kipande cha bega la mama. Lakini sauti ilitoka. Nikashika mlango.

"Basi akaja, kavaa shati jeupe..." mama alianza.

"Halikuwa jeupe hata kidogo," baba wa kwenye picha akadakia.

"...akafika kwenye..."

"Dimbwi! Sema dimbwi!" Akacheka kwa nguvu, akakohoa, akapiga mkono wa kiti. Chini ya kicheko hicho mama aliendelea kusema, maneno mengi tu, hakuna hata moja lililosikika. Picha ikakatika.

"Rudia," alisema baba.

Injinia akarudia. Baba akasogea mbele, kiganja nyuma ya sikio.

"Rudia."

Mara ya tatu kicheko kilipoanza, uso wake ulikaza kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake, hata kwetu sisi.

"Mwambieni huyo mzee anyamaze," alisema.