Tone la Kila Asubuhi

Bibi Chupa alisimama mbele ya sahani yenye udongo, kibomba cha kudondoshea maji mkononi, asijue atie au asitie. Udongo ulikuwa umepasuka. Akakirudisha kibomba mezani. Akakichukua tena.

Alikuwa ameosha vyombo vya maabara ile miaka kumi na minne, ndiyo maana wakamwita hivyo. Mwaka huu Daktari, mtafiti mkuu wa pale, alimwongezea kazi: kutunza sahani ya vijidudu wasioonekana kwa macho, wazawa wa maji, waliotakiwa wazoee kuishi pakavu. Wenzao wa sahani nyingine walikufa wote. Hawa tu walibaki, na kesho Daktari angewatangaza mbele ya wataalamu wenzake.

Kumbe bwana, kila asubuhi, kabla mtu hajafika, Bibi Chupa alikuwa akiwadondoshea tone moja! Roho haikumpa kuwaacha wafe kwa kiu, yeye mzazi wa watoto sita. Halafu akaugua, akalala kitandani wiki tatu. Leo ndiyo kwanza amerudi, na Daktari, aliyezama katika kuandika hotuba yake, hakuwa ameichungulia sahani siku zote hizo.

Angetia tone sasa, nani angejua? Alizunguka meza, akafuta palipo safi, akajiambia liwalo na liwe. Akaenda akagonga mlango wa Daktari, akasema yote bila kubakiza.

Daktari aliweka kalamu chini, akaisukuma hotuba yake pembeni. Kisha akauliza:

"Ulipokuwa mgonjwa, nani aliwatilia?"

"Hakuna, mwanangu. Ujinga huo nilikuwa nao peke yangu."

Walirudi kwenye sahani. Daktari akachota udongo kidogo, akauweka chini ya hadubini, akainama, akainuka kabla ya kutazama. Akajisogeza pembeni.

"Tazama wewe, mama. Mimi siwezi."

Bibi Chupa akainama. Chembe za mchanga zilionekana kubwa kama mawe ya kujengea, na katikati yake hapakuwa na kitu. Akangoja. Kisha kando ya jiwe moja, kitu kilichojifunika ute mzito kilijikunja, kikajikunjua, kikaanza kujiburuta kuelekea palipokavu zaidi.

Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, macho hayabanduki.

"Vipi?" Daktari aliuliza nyuma yake. "Mama, vipi?"