Minazi ya Boga

Minazi ya Boga ilipandwa na mkewe, Mwanapili, na hilo Msambweni nzima ilikuwa ikilijua. Boga alikuwa vitani Burma, barua hakuna, na wanaume waliobaki walikuwa hodari wa kukaa barazani tu. Mwanapili akashika panga, akafyeka mwitu, na pamoja na shoga yake Chiku akapanda miche arubaini. Kila alipofukia shimo alisema kwa sauti, "Huu wa Boga." Aliamini kwamba mtu mwenye mali inayomngoja hafi ugenini.

Boga akarudi kweli, kifua kimeharibika. Akaishi miaka minane akikohoa, na minazi ilipoanza kuzaa, mbata zake ndizo zilizomlisha na kumtibu. Mwaka wa 1954 akafa. Hawakujaliwa mtoto.

Eda ilipokwisha, Kombe, mtoto wa dadake Boga, akaja na wazee watatu.

"Shikamoo, mkaza mjomba," alisema, adabu tele. "Nimekuja kwa ajili ya minazi ya mjomba."

Ada ya Wadigo ilikuwa wazi: mali ya mjomba huenda kwa mpwa. Lakini mnazi ni wa aliyeupanda, hata shamba likiwa la mwingine, isipokuwa kama aliupanda kwa kumtajia mtu; hapo huwa wa huyo aliyetajwa.

Mzee Rai, mkubwa wa wale watatu, akamgeukia Chiku aliyekaa kando ya shoga yake. "Wewe ulikuwako. Alimtajia nani?"

"Sikusikia jina, mzee," Chiku alijibu akitazama chini. Uongo mtupu, na nani angemlaumu?

Ilibaki Mwanapili anyamaze tu, minazi iwe yake. Moyo ulimuuma. Kila jina alilolitamka siku zile lilikuwa dua, na kwake yeye dua hiyo ndiyo iliyomrudisha mumewe. Leo aikane vipi?

"Nilimtajia Boga," alisema.

Chiku akaanza kulia. Kombe akashusha pumzi. Mzee Rai, ambaye hakuwa mtu mbaya, akatafuta pa kumwokolea.

"Fikiri vizuri, mwanangu. Yote arubaini? Hakuna hata mmoja uliosema huu ni wangu? Ukisema mitano, ukisema kumi, hapa hakuna atakayekubishia."

Mwanapili akaitazama minazi mmoja baada ya mwingine, akakumbuka kila shimo. Machozi yakamtoka, ya kwanza tangu mazishi.

"Hapana, baba," alisema. "Mimi sikujikumbuka."