Mkwe na Mlango wa Gereji

Mlango wa gereji ya Simeoni ulikubali kufunguka, ila kufunga ulikataa. Ukibonyeza rimoti unashuka shibiri mbili, unasita kama mtu aliyesahau kitu ndani, kisha unarudi zake juu. Gari lilikuwa limekaa wazi tangu Jumatatu, na vumbi la Same halimwonei mtu aibu.

Fundi Yunus, mwenye duka la vifaa vya umeme kando ya barabara kuu, akamtuma Salama. Salama alikuwa binti wa Makanya mwenye stashahada ya umeme, na sauti ndogo kiasi kwamba wateja walimwambia "unasemaje?" kabla hajamaliza kusema. Na mashine hakuwa na shida. Mashine haikukodolei macho ukiwa unafikiri.

Alianza na yaliyo rahisi, kama alivyofundishwa chuoni. Betri ya rimoti nzima. Umeme kwenye soketi upo. Mnyororo umekaza, reli hazina kokoto. Ndipo akachuchumaa kwenye miguu ya mlango, ambako kulikuwa na sensa mbili nyeusi, kila moja kama kiberiti kwa ukubwa, zinatazamana kulia na kushoto. Moja inatuma mwali, nyingine inaupokea. Mwali ukikatika, mlango haushuki, usije ukambana mtu. Ile ya kushoto ilikuwa imezibwa na donge jeupe, gumu kama plasta. Salama akalikwangua kwa bisibisi, akabonyeza rimoti, mlango ukashuka kwa heshima zote.

"Ni dondora," alimwambia mwenye nyumba. "Nyigu wale wamejenga kiota."

Mwenye nyumba alikuwa Lea, mke wa Simeoni, amebeba kichanga cha wiki tatu. Alishukuru, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Salama hakuuliza, Lea akasema mwenyewe. Mama yake alikuwa ameshuka kutoka Ugweno kuja kumwuguza uzazi mpaka siku arobaini zitimie. Sasa ghafla anasema Jumamosi anapanda kwao, na sababu hataji. Simeoni kazi yake iko Dodoma, harudi hadi mwisho wa mwezi. Nitabaki na nani, aliuliza Lea, na hata kumwogesha mtoto naogopa. Salama alimshika mtoto kidole, akaondoka na huzuni isiyokuwa yake.

Jumatano akaitwa tena. Donge limerudi. Alhamisi vilevile. Safari hii alilivunja kipande, akakisugua kwenye vidole, akakinusa. Dondora wa Same wana vituko vingi, lakini hawasongi ugali.

Hakumwambia mtu. Akasafisha sensa, akafunga sanduku la vifaa kwa kelele, akaaga kwa sauti kubwa kuliko zote alizowahi kuaga nazo, akatoka hadi getini. Kisha akarudi kwa kunyata, akajibanza nyuma ya gari. Aibu ilimwunguza masikio. Kujificha katika nyumba ya watu kama mwizi wa kuku, na diploma juu yake.

Haikupita robo saa. Mama yake Lea, Bibi Sifael, akaingia na kisahani mkononi, mtandio umefunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Alitembea ubavu-ubavu akiambaa ukuta, kama mtu anayekwepa mvua. Alipofika kwenye sensa aliigeuzia mgongo, akamega tonge, akalikanda, akalipachika kwa kupapasa kwa nyuma bila kuangalia. Kazi safi. Ilionekana ameshaizoea.

"Shikamoo, bibi," Salama akasema kutoka nyuma ya gari. Adabu ilimtoka kabla ya akili.

Bibi Sifael akalamba kidole gumba. "Marahaba, mwanangu. Na wewe huko nyuma unafanya nini?"

Salama akajikuta anaomba radhi. Aliomba radhi mara mbili, mpaka bibi akamhurumia na kumkaribisha mkeka, na hapo yakatoka.

Ndani ya nyumba joto lilikuwa la kuokea mkate, ila saruji ya gereji ilikuwa baridi. Kwa hiyo Jumapili bibi alikaa pale akichambua maharage, khanga kaifunga kifuani, miguu kainyoosha mpaka mlangoni, anaimba. Mara mlango ukaanza kushuka wenyewe. Ulipokaribia mguu wake taa ndogo nyekundu ikapepesa, mlango ukasimama, ukapanda. Hazikupita dakika tatu Simeoni akapiga simu toka Dodoma, akamwuliza Lea kuna nini mlangoni.

Bibi Sifael alishusha sauti. "Ameniona mguu kwa hilo jicho lake la mlangoni. Mkwe wangu. Mguu huu mpaka huku juu, na nyimbo amesikia. Nitamwangaliaje mtoto wake?"

Hata kwao Makanya Salama alijua mambo ya mkwe. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakai meza moja, wala hawatazamani usoni. Wakikutana kwenye kijia, mmoja anaingia shambani. Hakucheka. Alieleza pole pole kwamba sensa ni kama uzi uliovutwa mlangoni, na mguu uliugusa. Simeoni huufunga kwa simu toka Dodoma, na simu hiyo ilimwarifu tu kwamba mlango umekataa kufunga.

"Kama hicho kidude hakioni, kimejuaje nipo?"

"Kimejua kuna kitu, bibi. Kingekuwa kiroba cha mkaa kingesema vilevile."

Kufananishwa na kiroba cha mkaa hakukumpendeza. Akataka ushahidi. Salama akapiga simu Dodoma, akaweka spika, akaliondoa donge na kumwuliza Simeoni kama mlango wake una kamera. Simeoni akasema hauna, haoni kitu, kwa nini?

Bibi akaziba mdomo kwa mtandio, akamnong'oneza Salama sikioni. "Mkwe aliyelelewa vizuri, hata akiona atasema hakuona. Huyu amelelewa. Mama yake namjua."

Chuoni akina Salama walifundishwa kupima waya uliokatika. Kupima adabu ya mtu aliye Dodoma hawakufundishwa. Salama akaangalia huku na huku. Gari lile jeupe linang'aa chini ya vumbi. Pembeni kinu, na mchi umeegemea ukuta. Akauonyesha mchi kwa kidole, kisha kioo cha mbele cha gari, kisha sensa.

Bibi Sifael akakunja khanga vizuri, akauchukua mchi, akasimama mbele ya sensa na kuunyanyua kwa mikono miwili, juu kabisa ya kioo.

"Haloo?" Simeoni akasema. "Bado upo, fundi?"

"Nipo," Salama akasema, kwa sauti iliyosikika.

"Nilitaka kusema, ngazi yako usiiegemeze kwenye gari. Rangi ile ni mpya." Mchi ukashuka nusu. "Halafu Lea anakula? Mwambie anywe uji." Mchi sasa ulikuwa upana wa kidole kutoka kwenye kioo, unatetemeka. "Na mama, nasikia anaondoka. Nilikuwa nashukuru sana kwa vile yupo. Kumwambia mwenyewe siwezi, unajua tena mambo ya mkwe. Basi."

Simu ikakatika. Bibi Sifael aliuteremsha mchi polepole, akaulaza sakafuni kama anavyomlaza kichanga.

"Haoni," akasema. "Mwanaume anayeona mchi juu ya gari lake hawezi kuzungumzia uji."

Akapangusa mabaki ya ugali kwenye sensa kwa ncha ya mtandio. Kisha akakaa mkekani, akanyoosha mguu mmoja, akasubiri, akanyoosha na wa pili.

"Kamwambie Lea Jumamosi siendi. Mwambie naumwa."

"Unaumwa nini, bibi?"

"Wewe ndiye uliyesoma. Chagua."

Salama akaenda ndani akifikiri. Alipofika mlango wa jikoni alikuwa ameshachagua kiuno.