Sabufa ya Mahari

Siku ng'ombe kumi na wawili walipoingia zizi la Mzee Maige pale Kolandoto, wanawake walipiga vigelegele mpaka makoo yakakauka. Lusia alikuwa na miaka kumi na tisa, elimu yake darasa la saba, na aliwatazama wale ng'ombe mmoja mmoja kama mtu anayesoma barua yake. Aliyewatoa alikuwa Mayala, broka wa dhahabu wa Kalangalala, Geita, mtu wa cheni shingoni na simu mbili mkononi.

Kwa Wasukuma ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka mke. Basi zamu ilikuwa ya Boaz, kaka yake Lusia. Lakini Boaz hakutaka mke.

"Baba, mke hakimbii," alisema. "Tununue gari kwanza. Gari ndilo litakaloleta mke."

Mzee Maige alicheka, na mzee akishacheka amekwisha kukubali. Ng'ombe wanane walikwenda mnadani, ikarudi Noah nyeupe iliyochoka, mlango mmoja haufunguki. Wanne wakabaki zizini.

Lusia alikaa Geita miaka minne. Alirudi akiwa na begi moja na jino moja pungufu. Mtoto hakupata, na Mayala alishaacha kumwita mke, akimwita hasara. Baba yake alilitazama lile pengo la jino, halafu akatazama zizini, macho yakakaa huko muda mrefu.

"Mayu," alimwita, yaani mama kwa Kisukuma, kama alivyomwita tangu akiwa mdogo, "nimeona. Lakini ng'ombe wa watu wasiporudi, wewe bado ni mke wa watu. Akija kukuchukua nitamzuia kwa mdomo gani?"

Mayala alikuja kweli. Mbele ya wazee wa ukoo alikunja nne, akasema bila hasira hata kidogo, "Mimi sina haraka. Nirudishieni hata mmoja mmoja. Ila mpaka yule wa kumi na mbili aingie kwangu, huyu ni mke wangu. Nikimwita kupika, atakuja kupika. Akishaingia wa mwisho, simjui."

Wazee waliona ni haki. Lusia hakuulizwa.

Alitegemea wale wanne waliobaki wapelekwe kesho yake. Boaz ndiye aliyezuia. "Tukipeleka hawa wanne, wanane watatoka wapi? Watadondoka na mvua? Hawa ndio mbegu, dada yangu. Noah ikifungwa muziki itafanya matangazo ya minada, itafanya misiba, itafanya harusi. Gari bila muziki ni mkokoteni tu wenye vioo."

Lusia alifikiri siku mbili. Maneno ya Boaz yalikuwa na akili ndani yake, hilo ndilo lilikuwa tatizo la maneno ya Boaz. Siku ya tatu akasema mbele ya baba yao, "Sawa. Lakini kidogo kidogo. Tunauza mmoja, tunafunga kinachotosha mmoja. Gari likishafanya kazi likanunua ng'ombe, ng'ombe huyo anakwenda Geita. Ndipo tunamgusa wa pili."

"Umesikia?" Mzee Maige alimwuliza mwanawe.

"Nimesikia, baba. Hata mimi ndivyo nilivyopanga."

Kwa kuwa baba hakuamini kwamba Boaz anaweza kupita mjini na pesa za yule ng'ombe wa kwanza bila kukaa mahali, Lusia ndiye aliyezifunga kwenye kanga wakaenda wote Shinyanga kwa Abdulshakur, fundi wa muziki wa magari. Mzee mfupi, miwani yake imefungwa kwa waya wa spika. Lusia alimwamkia, akaketi juu ya tairi, hakuondoka hapo mpaka jioni.

Fundi alichukua kipande cha boksi akachora. "Mnajenga kwa awamu, vizuri. Basi sikilizeni. Kwanza umeme: betri nzuri na waya mnene kutoka betri mpaka nyuma. Halafu redio na spika. Halafu amplifaya. Sabufa mwisho, kama bado mnaitaka."

"Fundi, mimi nitaanza na waya?" Boaz alicheka. "Waya nani atauona?"

"Moto utauona."

"Mzee una maneno!"

"Nendeni Isaka," fundi alimgeukia Lusia, maana alishajua nani anasikiliza. "Pale wanapobomoa malori mabovu mtapata waya wa betri kwa bei ya kutupa."

Boaz alisema Isaka ni mbali, watakwenda safari nyingine. Wakafunga redio, spika nne za milango na mbili za matangazo juu ya keria. Kwa kazi hiyo waya mwembamba ulitosha. Lusia aliangalia kila kitu: wapi waya unapita, wapi fyuzi inakaa, nyekundu inaanzia wapi na nyeusi inafia wapi. Mara mbili fundi alinyoosha mkono bila kutazama, na mara mbili alikuta koleo aliyokuwa anaitaka.

Awamu ile ya kwanza ilifanya kazi. Noah ilizunguka vijijini ikitangaza mnada, chanjo ya kuku, mkutano wa injili, marehemu fulani atazikwa saa nane. Sauti ilikuwa ya Lusia mwenyewe. Watu walimpenda kwa kuwa hakupiga kelele. Alitangaza kama mtu anayepiga hodi. Baada ya miezi mitano ng'ombe mmoja alinunuliwa akapandishwa lori kwenda Geita. Lusia alimshika kamba mpaka mlango wa lori ulipofungwa.

"Bado kumi na mmoja," alisema.

"Unaona?" Boaz alisema. "Unaona dada?"

Ng'ombe wa pili akauzwa, ikaja amplifaya. Ndipo mambo yalipoanza kuharibika, maana amplifaya ilimpa Boaz kitu ambacho spika za msiba hazikumpa. Vijana walianza kumjua. Akisimama kwenye kituo cha mafuta, wanamzunguka. "Boaz, fungulia kidogo!" Naye anafungulia kidogo, halafu anafungulia sana. Na kila aliyemsifia alimaliza na neno lilelile: "Ila besi bado, kaka."

Besi bado. Neno dogo hilo lilikula zizi.

Asubuhi moja Lusia alikwenda kukamua akakuta kamba mbili zimening'inia kwenye mti wa zizi, hazina ng'ombe. Amplifaya ilikuwa haijarudisha hata kwato. Boaz alirejea kesho yake jioni, na kabla hajaonekana alisikika. Kuku walikimbia, mabati yakatetemeka. Nyuma ya Noah, mahali pa viti, palikuwa na sabufa mbili kubwa kama ngoma za harusi, zimezungukwa na taa za bluu.

"Zima," alisema Lusia.

"Hujasikia wimbo mzuri bado."

"Kaka Boaz, tulisema nini?"

"Tulisema, tulisema! Harusi haikodi spika za msiba, dada. Biashara ni kuonekana. Harusi tatu tu, ng'ombe wako wamerudi."

"Waya umebadilisha?"

Boaz alishughulika na taa zake.

"Nimekuuliza waya."

"Waya ni uleule. Unapeleka umeme, si unapeleka?"

Lusia alimtazama baba yao. Mzee Maige alikuwa amesimama penye zizi tupu, mkono juu ya mti, anazitazama zile taa za bluu. Ilikuwa vigumu kujua kama amekasirika au amezipenda.

Lusia alikwenda peke yake kwa Abdulshakur. Fundi alishajua. "Alikuja nikakataa kumfungia. Nikamwambia waya ule hauwezi, akaenda kwa mwingine." Alifungua droo akatoa fyuzi tatu ndogo. "Chukua, mwanangu. Hiyo siku itakayozima itazima mbele za watu, sabufa zina tabia hiyo. Fyuzi ikiungua weka fyuzi, usimwache akaweka msumari badala yake. Na mwambie apunguze sauti nusu, waya utavumilia."

Lusia alizifunga kwenye pindo la kanga.

Wiki tatu Boaz alisubiri harusi. Iliyokuja, ilikuja kwa simu. Alizungumza akiwa amesimama wima kama anaongea na mkuu wa wilaya, halafu akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akavuta pumzi.

"Mayala anaoa."

Lusia aliendelea kuchambua mchele.

"Duara lake kule mgodini limetema, wamepata dhahabu ya maana. Anaoa binti wa hapohapo Kalangalala. Anataka gari letu liongoze msafara. Pesa hatoi. Amesema tukimpigia kutwa nzima bila kuzima, anakata ng'ombe mmoja kwenye deni lako. Tukizima, hakuna kitu."

"Wewe umemjibu nini?"

"Nimemwambia nitaongea na wewe."

"Umemjibu nini, kaka?"

Boaz alikuna kichwa. "Lazima mtu akae nyuma na ile mitambo. Mimi naendesha. Anayeijua ni wewe."

Baba yao alikuwa mlangoni, amesikia yote. Lusia alisubiri aseme neno. Alisubiri muda wa kutosha, maana kusubiri alikuwa anakujua.

"Ni ng'ombe mmoja, mayu," alisema Mzee Maige, akaondoka.

Geita iliwapokea kwa vumbi na vicheko. Lusia alikaa chini nyuma ya Noah, mgongo kwenye sabufa, mguu umezuia amplifaya isiteleze. Wanawake wa harusini walichungulia. "Jamani, si mke mkubwa huyu? Mke mkubwa kaleta muziki!" "Moyo wa chuma huo!" Mayala mwenyewe alikuja, suti inang'aa, akainama dirishani.

"Umekuja kunichezea, mke wangu?"

"Nimekuja kwa ng'ombe," alisema Lusia.

Mayala alicheka kwa furaha ya kweli. Lusia aliona kwamba mtu huyu hakuwa hata na kinyongo naye, na hilo lilimuuma kuliko lile jino.

Bibi harusi aliitwa Nelly. Walipokuwa wanasubiri magari yapangwe, aliletwa akasimama kivulini karibu na mlango wa Noah. Shela ilikuwa inamkera usoni. Alimwona mwanamke mkubwa ameketi chini akafanya alivyofundishwa nyumbani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Lusia alimtazama. Miaka kumi na tisa, ishirini. "Wametoa wangapi?"

"Kumi na watano," Nelly alisema, na tabasamu likamponyoka.

"Una kaka?"

"Ninao wawili."

Lusia alitaka kusema kitu, lakini mtu alimvuta yule binti, na Boaz akawasha gari.

Walizunguka mji. Besi ilipita kwenye maduka, bodaboda wakasimama kushangaa, watoto wakaukimbilia msafara. Boaz alikuwa mbinguni. Mkono mmoja usukani, mwingine kwenye redio, anapandisha. "Punguza!" Lusia alipiga kelele. Akapandisha. Aligusa ule waya, akautoa mkono. Ulikuwa wa moto kama sufuria.

Walifika katikati ya mji, mbele ya maduka ya simu, watu wamejaa pande zote mbili. Hapo ikazima.

Kimya kilikuja ghafla mno, mtu mmoja aliyekuwa anaimba akabaki anaimba peke yake. Watu wakacheka. Taa za bluu zilikuwa zimekufa. Nyuma ya Noah palinuka plastiki.

"Lusia!" Boaz aligeuka, jasho linamtiririka. "Lusia, fanya kitu!"

Mayala alishuka kwenye gari la maharusi, akaja polepole, anafuta vumbi kwenye bega. "Imezima?" aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeokota ng'ombe njiani.

Mkono wa Lusia ulikuwa tayari kwenye pindo la kanga, ila haujafungua. Aliwaona wote kupitia kioo: Mayala kasimama juani katika harusi isiyo na sauti, wageni wameziba midomo kwa vicheko, simu zimeinuliwa zinarekodi. Angeweza kukaa hivyohivyo. Ilikuwa tamu, dakika ile. Hakuwahi kupewa kitu chochote kitamu namna ile na ukoo wowote kati ya zile mbili, wa baba yake wala wa Mayala. Akailamba mpaka mwisho wake.

Halafu akafungua fundo, akatoa fyuzi moja.

"Weka nusu," alimwambia kaka yake. "Ukipita nusu nashuka na miguu yangu."

Besi ilirudi, ikampiga mgongoni palepale alipokuwa anapigwa zamani. Watu wakashangilia. Mayala akaanza kucheza barabarani, mikono juu, na alicheza vizuri. Lusia aliushika waya kwa kanga iliyokunjwa, akiupima joto, mpaka jua likaanza kushuka.

Ile dakika moja ya kuzima Mayala aliisamehe, na ahadi yake akaitimiza. "Mmoja nimekata," alimwambia Boaz mbele ya mashahidi. "Bado kumi. Nenda salama, shem, gari lako ni moto." Kisha akaelekeza kidole uani, kwenye rundo la masufuria meusi ya pilau. "Mke wangu atabaki aoshe vile vyombo. Bibi harusi hawezi kushika masizi leo."

Lusia alimtazama kaka yake. Boaz alitazama usukani.

"Nitakufuata Jumatatu, dada," alisema. "Jumatatu asubuhi kabisa."

Akaondoka. Alipofika kona, mahali ambapo dada yake hawezi kumwona, alipandisha sauti. Lusia aliketi mbele ya sufuria la kwanza, akamwaga majivu, akaanza kusugua. Aliisikia besi ikipita Kalangalala, ikishika barabara kuu, ikifika karibu na mwisho wa mji.

Ikazima.

Alisimamisha mkono. Akagusa pindo la kanga; fyuzi mbili zilikuwemo. Alisikiliza kidogo tena, hakuna kitu, mbwa tu. Akachota majivu mengine.