Bustani ya Hjortvig Hufunguliwa Saa Nne

Jumanne ya pili ya mwezi Machi, Gudrun Thygesen alikuwa amekaa jikoni kwake, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya stuli, akila mkate mweusi uliopakwa maini ya kusaga. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga wiki tatu kabla. Daktari alimkataza kuinama, kubeba vitu na kuendesha baiskeli. Gudrun alikuwa na miaka sitini na tisa na hakuzoea kushinda amekaa kitako, kwa hiyo alikuwa ameanza kugombana na redio. Binti yake Sidsel alipoona hivyo alimletea kompyuta yake ya zamani, akaiweka kando ya chupa ya kahawa na kumfungulia mchezo.

"Unapewa bustani ya burudani iliyochakaa," Sidsel alisema. "Unaitengeneza, unaajiri watu, wageni wanakuja. Si ulifanya kazi bustanini wewe? Utaiweza."

"Nilikuwa karani. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa barua."

"Basi leo umepandishwa cheo, mama."

Mchezo ulikuwa na orodha ya bustani za kufufua, na ya nne iliitwa Hjortvig. Gudrun aliibofya. Skrini ikamwonyesha bustani ya mji wake mwenyewe, ile iliyofungwa mwaka 1998: bwawa lenye umbo la figo, bembea ya kuzunguka ya farasi wa mbao, iliyopoteza paa, vyoo vya matofali mekundu nyuma ya mgahawa, na kule mwisho, karibu na msitu, reli za mbao za Tai. Tai ilikuwa na treni mbili za vigari vitano, zilizovutwa polepole hadi juu ya vilele vya miti, kisha zikaachiwa zishuke. Majani yalikuwa yameota mpaka kwenye madirisha ya ofisi. Dirisha la tatu lilikuwa lake.

Alianza na vyoo, kwa sababu vilikuwa vibaya hata enzi zile.

Alhamisi Sidsel alipita msituni na mbwa wake, kisha akaenda moja kwa moja kwa mama yake, akaingia bila kuvua viatu.

"Mama, vile vyoo vya bustanini. Ni wewe uliyeweka vigae vya kijani?"

"Kulikuwa na kijani na waridi tu."

"Kijani kimependeza." Sidsel alijimiminia kahawa. "Ila mlango wa wanawake unafungukia ndani. Mtu na koti lake hageuki mle."

Gudrun aliurekebisha mlango kabla ya chakula cha jioni.

Aprili yote alifyeka majani, akasafisha bwawa, akarudisha paa la farasi. Alichokitengeneza leo mezani, kesho yake kilikuwepo msituni, na rangi yake imekwisha kukauka. Mji uliyapokea mambo haya kwa utaratibu. Halmashauri ilimwandikia barua kumwomba muziki wa farasi uzimwe saa mbili usiku, na pia apunguze vichaka vilivyoziba njia ya watembea kwa miguu. Kampuni ya mabasi iliongeza kituo. Wageni walitoka Viborg, halafu Aarhus, na Jumapili ya Pasaka walimaliza soseji zote.

Mahali ambapo Gudrun hakupagusa ni Tai.

Mumewe, Verner, alikuwa fundi na mwendeshaji wa Tai kwa miaka kumi na tisa. Jumapili moja ya Julai mwaka 1998, treni iliingia kituoni ikiwa imejaa watu na haikusimama. Iligonga treni nyingine iliyokuwa ikipakia. Msichana aliyekaa mbele kabisa, Rikke Ravn, wa miaka kumi na tisa, alifia palepale. Tume ya uchunguzi iliandika kwamba mwendeshaji alichelewa kuvuta breki. Verner alipoulizwa kama ana la kusema, alisema hana. Baada ya hapo aliishi miaka tisa katika mji ambao watu walimwona dukani wakageuza vitoroli vyao. Alikufa mwaka 2007, siku ya Jumatano, akiwa kwenye kiti chake. Mama yake Rikke, Ingelise, alikuwa muuzaji katika duka la mikate, na tangu ajali ile Gudrun alinunua mkate mji wa pili, kilomita kumi na moja kwa baiskeli.

Mwezi Mei mchezo ulimwonya Gudrun kwamba mashine zinaharibika na bustani haina fundi. Alibonyeza kitufe cha kuajiri. Yalitokea majina matatu. Wa kwanza alipenda kupumzika. Wa pili aliogopa kupanda juu. Wa tatu alikuwa Verner Thygesen: mwangalifu, mkimya, hapendi kuharakishwa.

Asubuhi yake Gudrun alishika mkongojo akatembea mpaka bustanini. Miguu miwili katika suruali ya kijivu ya kazi ilikuwa imetokeza chini ya bembea ya farasi.

"Umechelewa," Verner alisema kutoka kule chini. "Mnyororo huu ulitakiwa kutiwa mafuta tangu Pasaka."

"Nilikuwa naugua nyonga."

"Inauma bado?"

"Kwenye ngazi tu."

"Basi usipande ngazi. Nipe spana, hiyo ndogo."

Akampa. Mkono wake ulikuwa wa baridi, lakini alikuwa ameshika chuma tangu asubuhi.

Wakazoea kula pamoja saa sita, kwenye benchi la nyuma ya karakana. Gudrun alileta mkate wenye samaki wa siki na vitunguu, na Verner aliviondoa vitunguu kama alivyofanya siku zote. Ilipofika saa kumi alifuta zana zake, akaingia karakana na kufunga mlango. Gudrun aliufungua mara moja. Hamkuwa na mtu mle mpaka kesho yake asubuhi. Sidsel alipopata habari alikwenda kumsalimia baba yake, wakazungumza kuhusu gari la Sidsel, lililokuwa likitoa mlio kwenye gurudumu la nyuma. Verner alimwambia ni beringi, na kweli ilikuwa beringi.

Katika mchezo ule, ukimbofya mgeni unaona jina lake na anachofikiria. Wengi walifikiria soseji au choo. Wiki ya kwanza ya Juni Gudrun aliona mgeni mmoja amesimama peke yake mbele ya lango la Tai, penye kibao kilichoandikwa IMEFUNGWA. Akambofya. Jina: Rikke Ravn. Anachofikiria: nasubiri Tai ifunguliwe. Muda aliokaa kwenye foleni: miaka ishirini na tatu, miezi kumi.

Hakumwambia mtu, lakini mji ni mdogo. Siku ya pili Ingelise alikuja kutoka dukani na aproni yake nyeupe yenye unga. Alipita langoni, akapita bwawani, akasimama kando ya binti yake. Alimfunga zipu ya koti mpaka kidevuni, maana upepo wa msituni ulikuwa mkali. Rikke alimwambia mama aache, watu wanaona. Ingelise alisimama naye mpaka bustani ikafungwa, na tangu siku ile alikuja kila alipomaliza zamu.

Gudrun alitaka msichana yule aondoke kwenye foleni. Njia zilikuwa mbili tu, kuifungua Tai au kuibomoa, na mchezo ulikataa kubomoa kitu chenye watu foleni. Basi Ijumaa moja mchana, dirisha likiwa wazi na majirani wakikata nyasi, alifungua ukurasa wa Tai ili aone inahitaji matengenezo gani. Chini kabisa kulikuwa na kumbukumbu za matengenezo. Akazisoma.

Tarehe 9 Julai 1998. Fundi: pedi za breki zimekwisha. Naomba Tai ifungwe. Jibu: hakuna.

Tarehe 10 Julai. Fundi: naomba tena. Jibu: hakuna.

Tarehe 11 Julai, saa nane na dakika kumi mchana. Barua ya fundi imefika ofisini. Aliyepokea: G. Thygesen. Agizo la mkurugenzi, P. Aagesen: iwekwe mpaka Jumatatu. Aliyeiweka: G. Thygesen, droo ya pili kutoka chini.

Tarehe 12 Julai. Mwendeshaji alivuta breki kwa wakati. Breki hazikushika.

Gudrun aliendelea kushika kipanya. Alijua ameshika kipanya kwa sababu alikiona mkononi mwake, si kwa sababu alikisikia. Masikio yake yalikuwa yamejaa mlio mmoja mwembamba, na ilimchukua muda kutambua kwamba mashine ya majirani ilikuwa imeshazimwa. Alikumbuka karatasi nyeupe iliyokunjwa mara tatu. Alikumbuka Preben Aagesen akimpa kwa vidole viwili, akimwambia, "Iweke mpaka Jumatatu, Gudrun, leo getini kumejaa." Alikuwa ameutambua mwandiko wa mumewe. Alidhani anaomba likizo, kwa sababu walikuwa wamepanga kwenda kwa dada yake. Halafu Jumatatu Preben alizimwaga droo zote mwenyewe ndani ya boksi na kulibeba kwenda nje, na kwa kuwa mikono yake miwili ilikuwa na kazi, Gudrun alimshikia mlango.

Alikaa pale mpaka Sidsel alipokuja jioni, akamkuta mama yake ameweka viganja vyote viwili mezani, kama mtu anayeizuia meza isiondoke.

Kesho yake saa sita alikwenda kwenye benchi bila chakula.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza.

Verner hakuuliza nini. "Wangetaka kujua nani aliipokea."

"Mimi nilikuwa karani tu. Wangenifanya nini?"

"Hilo hukulijua. Na mimi sikulijua."

"Miaka tisa, Verner. Kitanda kimoja."

Verner aliifuta spana kwa kitambaa, upande huu na upande ule. "Ulikuwa unalala vizuri," alisema. "Sikutaka kukuharibia."

Jumatatu Sidsel alizichapa kurasa zile, na Gudrun akazipeleka kwa Preben Aagesen, ambaye sasa alikuwa meya kwa mwaka wa kumi na mbili. Preben alimkaribisha kiti chenye mto kwa ajili ya nyonga. Alizisoma zote, hakuruka mstari.

"Lakini Gudrun," alisema kwa upole, "huu ni mchezo wa kompyuta."

"Ndiyo. Na choo ulichoingia Jumapili kwenye sherehe ya wazee, nacho ni cha mchezo wa kompyuta."

"Choo nakikubali," Preben alisema. "Hiki sikikubali."

"Unakumbuka kwamba ni kweli?"

Preben alizipanga karatasi zikawa sawa pembeni. Uso wake haukubadilika, na hicho ndicho Gudrun alichoshindwa kukizoea baadaye, kwamba haukubadilika hata kidogo. "Nakumbuka kulikuwa na watu wengi getini," alisema. "Tuseme ukweli, umeupa uhai mji huu. Kila ninapokwenda naulizwa swali moja: Tai itafunguliwa lini?"

"Breki hazina pedi."

"Sawa. Niandikie barua kuhusu hilo. Iache hapo nje kwa karani."

Nje alikaa msichana mpole mwenye miwani. Meza yake ilikuwa na droo nne. Gudrun hakuacha kitu.

Aliwaandikia polisi. Walijibu baada ya wiki mbili kwamba kesi ilikwisha muda wake, na kwamba fundi aliyefariki mwaka 2007 hawezi kuchukuliwa maelezo, ingawa walimtakia kila la heri katika kazi yake mpya. Gazeti la mji lilichapisha picha ya bembea ya farasi. Taarifa ya tume ilibaki kwenye kabati la halmashauri, na ndani yake jina la Verner lilibaki palepale. Verner mwenyewe aliendelea kila asubuhi kuandika kwamba Tai isifunguliwe, na Gudrun aliendelea kuiacha imefungwa.

Kilichobaki kilikuwa Ingelise. Gudrun alimfuata foleni siku ya Alhamisi, zamu ya duka ilipokwisha. Alimweleza yote kwa mpangilio, barua, saa, droo, boksi na mlango aliomshikia Preben. Ingelise alisikiliza huku akimtazama binti yake mgongoni. Rikke alikuwa mbele yao hatua mbili, akitafuna ubani na kuangalia reli.

"Ilikuwa imefungwa kwa gundi?" Ingelise aliuliza.

"Hapana. Ilikunjwa tu."

"Na mwandiko uliujua."

"Niliujua."

"Droo ilikuwa na kufuli?"

"Haikuwa na kufuli."

Ingelise aliitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mtu akimtajia mikate anayotaka. Juu ya reli ndege wawili walikuwa wakijenga kiota, na kutoka upande wa bwawa ulisikika muziki wa farasi.

"Miguu inaniuma," alisema mwishowe, bila kugeuka. "Nasimama dukani tangu alfajiri, halafu nasimama hapa. Si unaweza kuweka kiti?"

Gudrun alirudi nyumbani akaweka benchi la watu wawili, pembeni mwa foleni, upande wenye kivuli. Kesho yake bustani ilipofunguliwa saa nne alikwenda kulitazama. Ilikuwa siku ya mapumziko ya Ingelise, na tayari alikuwa amekaa, amevua viatu, karibu kabisa na binti yake aliyesimama foleni. Nafasi iliyobaki aliiwekea mkoba wake. Gudrun alisimama kando, akiegemea mkongojo, mpaka saa sita.