Nyufa Zilizopigwa Muhuri

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi Mignonne Kabedi alifungua ofisi ya Tume ya Haki za Binadamu ya Jiji, akafagia vumbi jekundu lililoingia chini ya mlango, akasogeza tarehe ya muhuri, na kudondoshea kisahani cha wino matone mawili ya maji kwa sababu kilikuwa kimekauka. Akaketi, akainuka kunyoosha kalenda ya parokia ukutani, akaketi tena. Hakuwa mtu wa kukaa.

Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa jirani yake Latifa, muuza vitenge, ambaye babu yake alitoka Kasongo na roli la chumvi na hakurudi tena. Wote wawili waliishi Avenue Kalundwe, hatua mia tatu kutoka kwenye uzio wa shimo la kampuni ya madini. Kila siku saa saba mchana kampuni ililipua baruti. Sahani ziligongana kabatini, kuku walinyamaza, na kuta zilipasuka zaidi kidogo kuliko jana.

"Usiniangalie sawa na jirani," Latifa alisema. "Minakuya kushitaki. Andika."

Kabedi akaandika. Fomu ya ukuta uliopasuka ilikuwa na maswali matatu, na yeye ndiye aliyeyatunga, kwa sababu watu wakiombwa kueleza hasara yao huanzia kwenye ndoa ya wazazi. Ufa unaanzia wapi? Unaishia wapi? Vidole vingapi vinaingia? Latifa akajibu kwamba unaanzia juu ya dirisha la chumba cha watoto, unapita nyuma ya kitanda, unaishia sakafuni, vidole viwili, na cha tatu kikilazimishwa. Akatia sahihi. Kabedi akapiga muhuri.

Ufa ukaingia ofisini. Ulianzia juu ya dirisha, ukashuka nyuma ya kalenda ya parokia na kuishia sakafuni, kwa sauti isiyozidi ya karatasi inayochanwa. Kabedi aliinuka, akaingiza vidole viwili, akajaribu cha tatu. Kisha akachukua chaki na kuandika pembeni yake namba ya faili, 114, kwa kuwa kitu chochote kinachoingia ofisini lazima kiwe na namba.

"Njo yenyewe, ule wangu," Latifa alisema, akabeba kikapu chake na kwenda sokoni.

Saa tatu alifika rais wa tume, Tata Ntambwe, mwanasheria aliyevaa koti hata mwezi wa tisa, joto linapowakausha mbwa ndimi. Aliutazama ufa kuanzia juu hadi chini, akauliza kama una dosie, yaani faili. Kabedi akajibu unayo. Akasema vizuri, akaingia chumbani mwake na kufunga mlango.

Mchana Latifa alikuta ukuta wa chumba cha watoto mzima, pamoja na rangi yake ya bluu. Hakulipigia jambo hilo ngoma. Alimwambia mkwewe, mkwewe akamwambia muuza mkaa, na Jumanne foleni ya ofisi ilifika mpaka kwenye duka la simu. Kabedi aliuliza maswali matatu, akapiga muhuri, akainuka, akaandika namba kwa chaki. Nyufa zilijipanga vizuri. Zilizoshuka zilikaa upande wa dirisha, za kulala zilikaa juu ya kabati, na ule wa mzee mmoja aliyejenga kwa matofali mabichi ulikwenda wenyewe darini, ukatulia. Kufikia jioni ya Jumanne nyumba arobaini na sita za Avenue Kalundwe zilikuwa nzima, na watoto wa nyumba arobaini na sita walilala pale walipotaka.

Nyumba ya arobaini na saba ilikuwa ya Kabedi. Alikuwa na sharti lake kwamba mfanyakazi wa tume hushitaki mwisho, watu wasije kusema anajihudumia kwanza. Fomu yake ilikuwa imejazwa, iko ndani ya mkoba, karibu na mkate.

Jumatano asubuhi Modeste, mchunguzi wa tume, alirudi kutoka Avenue Kalundwe na picha thelathini za kuta nzuri. Alizipanga mezani kwa Kabedi moja moja.

"Mama, mutaa yote iko muzuri," alisema. "Nilipiga foto mpaka nikaona haya."

Hapo ndipo Kabedi alipoacha kupiga muhuri, akafikiri. Miezi minane tume ilikuwa imevutana na kampuni, na mwishowe kampuni ilikubali jambo moja: mhandisi asiyekuwa wa upande wowote atoke Lubumbashi, apite nyumba kwa nyumba. Akikuta mtaa umepasuka, familia zote zitahamishiwa viwanja vipya upande wa barabara ya Fungurume kabla ya mvua. Akikuta mtaa hauna ufa, hakuna kuhama. Mhandisi alikuwa anakuja kesho.

Alikwenda kwa Tata Ntambwe bila kubisha mlango. Akamwomba kwamba siku nyingine zote Modeste na wahandisi watangulie mitaani, na muhuri ufuate nyuma.

"Mama Kabedi," Tata Ntambwe alisema, akivua miwani, "bila kashe, muhuri ule, hakuna dosie. Bila dosie hakuna ruhusa ya safari. Bila ruhusa ya safari, Modeste ni mutu anatembea tu."

"Basi atembee tu, tata."

"Tume haitembeake tu."

Kabedi aliuliza kama nyufa zinaweza kurudishwa. Tata Ntambwe alifungua kitabu cha kanuni, akasoma kwa muda, akasema faili lililopokelewa halirudi kwa mshitaki, linapanda tu. Barua ilikuwa imeshapelekwa ofisi kuu Kinshasa pamoja na nakala zote. Kinshasa wakipiga muhuri wao, bila shaka nyufa zitakwenda huko. Walikuwa hawajapiga. Faili la mwaka juzi nalo walikuwa hawajalipiga.

Jioni hiyo Kabedi aliwaita majirani uani kwake, akawaeleza kwa kifupi, kama alivyozoea. Hakuna aliyebisha. Latifa ndiye aliyesema.

"Tungengoja, sindiyo? Batoto balale chini ya ufa, ju ya ingenia, mhandisi ule, akuye aone? Ungetuambia mbele, mi ningeandika vilevile."

Kabedi akakubali kwamba hata yeye angeandika.

"Na ule wako?" Latifa akauliza.

"Uko."

"Basi uchunge muzuri. Njo ule moja tu imebakia."

Majirani wakaingia kuuona. Ulianzia kwenye pembe ya dari katika chumba cha binti yake Abigaëlle, ukavuka ukuta kwa mshazari, ukaishia juu ya mahali ulipokuwa mto wa kulalia hadi mchana huo. Walisimama mbele yake kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Mmoja akashauri wasiguse vumbi lake, mwingine akasema dirisha lifungwe upepo usije ukauharibu. Abigaëlle, mwenye miaka kumi na mmoja, aliupima kwa rula ya shule kila siku na kuandika tarehe kwa penseli ukutani. Aliwaonyesha hesabu yake. Mwezi wa sita sentimita moja na nusu. Leo nne.

Siku hiyo hiyo saa saba, Abigaëlle akiwa shuleni, tofali moja lilikuwa limedondoka kwenye mto. Kabedi alikuwa amelikuta alipopita nyumbani kula. Alikuwa na fomu mkobani na muhuri ofisini, mwendo wa dakika ishirini kwa pikipiki. Alisimama na tofali mkononi kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake. Kisha akaliweka juu ya meza, akalifunika kwa kitambaa, akasogeza kitanda cha Abigaëlle sebuleni. Ilikuwa mara ya nne kukisogeza.

"Mama, kashe utapiga lini?" Abigaëlle aliuliza majirani walipoondoka.

"Kesho, ingenia akitoka."

"Na baruti ikipiga mbele yake?"

Kabedi alimwambia ale chakula.

Alhamisi mhandisi Omer alifika na kifaa kinachotoa mwanga mwekundu, na kofia ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Alikuwa mtu mwaminifu. Aliingia nyumba arobaini na sita, akamulika kila ukuta, akagonga kwa kidole, akaandika neno moja: nzima. Kwa Latifa alisifu rangi ya bluu. Latifa alimwambia ufa wake uko ofisi ya tume, namba 114. Akaandika hilo pia, pembeni, kwa penseli.

Kwa Kabedi alikaa muda mrefu. Aliingiza kipande cha chuma katika ufa, akasoma tarehe za Abigaëlle moja baada ya nyingine, akafunua kitambaa na kulipima tofali. Majirani walijaa mlangoni.

"Huu ni wa baruti," alisema. "Hauna ubishi."

Kabedi alishusha pumzi ambayo alikuwa ameishika tangu Jumatano.

"Lakini ni nyumba moja, mama. Mutaa mumoja, baruti moja, nyumba makumi ine na saba, na imepasuka moja. Nikiandika ni baruti, bataniuliza mbona zingine hapana." Akageuza ukurasa. "Nani alijenga?"

"Bwana yangu. Alikufa kuna miaka tano."

"Alikuwa fundi?"

"Alikuwa dereva. Alijenga muzuri."

Mhandisi alitikisa kichwa kwa heshima na akaandika kwamba nyumba namba arobaini na saba ina kasoro ya ujenzi.

Kabedi hakupiga kelele. Alimshika mhandisi mkono wa koti, akamtoa nje na kumpandisha kwenye gari la mhandisi mwenyewe, akamwambia dereva waende ofisini. Huko alimpitisha ukutani kutoka namba 114 hadi namba 159, akimsomea kila faili: unaanzia wapi, unaishia wapi, vidole vingapi. Mhandisi alipima kila ufa. Vipimo vilikubaliana na mafaili, mpaka ule wa darini. Tata Ntambwe alisimama pembeni na kuongeza mara mbili kwamba taratibu zote zilifuatwa.

"Hizi ni nyufa nzuri sana," mhandisi alisema mwishoni, na alimaanisha. "Zote za baruti. Miaka makumi mbili sijaona zimepangwa hivi."

"Basi andika."

"Siwezi, mama. Karatasi yangu inasema Avenue Kalundwe, kutoka nguzo ya kwanza mpaka ya mwisho. Hapa ni katikati ya muji. Mi naandika kitu pale nilikikuta." Alifikiri kidogo, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Kama nyumba hii ya ofisi iko na matata, yenyewe ishitaki."

"Ishitaki wapi?"

Mhandisi alitazama kibao cha mlangoni, akakisoma kimoyomoyo, akaaga.

Saa saba ikafika. Baruti ilisikika mpaka mjini, kama gunia lililotupwa chini kwenye chumba cha jirani. Kabedi hakungoja. Alipanda pikipiki mpaka Avenue Kalundwe, akakuta matofali mengine matatu yamelala pale kitanda kilipokuwa kabla ya kuhamishwa. Abigaëlle alikuwa ametoka shule, ameketi uani kwa Latifa, akila muhogo wa kuchemsha. Kabedi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akageuza pikipiki, akarudi ofisini.

Alitoa fomu mkobani, akajiuliza maswali matatu kwa sauti, kwa kuwa ndivyo fomu inavyotaka, na kuyajibu. Lile la tatu lilimchelewesha. Vidole haviwezi tena kupima mahali panapopita mkono mzima. Akafuta jibu la zamani, akaandika: mkono. Akapiga muhuri. Ufa ulianzia kwenye pembe ya dari, ukavuka kwa mshazari juu ya wenzake bila kuugusa hata mmoja, ukaishia juu ya kiti chake. Aliandika 160. Nyumbani matofali manne yalikuwa yamerudi mahali pake, na penseli ya Abigaëlle ilikuwa bado ukutani, tarehe na sentimita, juu ya rangi isiyo na mkwaruzo.

Ripoti ilifika baada ya wiki tatu. Ilisema mtaa uko katika hali nzuri, isipokuwa nyumba moja yenye kosa la mjenzi, ambaye ni marehemu. Kampuni ilishukuru tume kwa ushirikiano wake. Tata Ntambwe alimwomba Kabedi aiweke kwenye faili, naye akaiweka. Kisha alichukua kalamu na kuandika pembeni, dhidi ya kanuni zote, kwamba marehemu alijenga vizuri, na chini yake jina lote la mume wake.

Tume ilileta miti sita ya kuegemeza dari ya ofisi. Watu waliofika kushitaki mambo mengine, ya wake na ya polisi na ya viwanja, walizoea kuinama wanapopita. Kinshasa hawakujibu. Kabedi alivaa kitambaa kichwani akiwa kazini, kwa sababu ya vumbi linalodondoka saa saba, na kila siku saa saba na dakika moja alipuliza daftari na kuendelea.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumamosi. Jumatatu saa moja na nusu, Latifa alikuwa mlangoni, na nyuma yake muuza mkaa, na nyuma yake yule mzee wa matofali mabichi. Hakuna aliyesalimia kwa kirefu.

"Ufa umerudi?" Kabedi aliuliza.

"Pale pale," Latifa alisema. "Juu ya dirisha."

"Vidole vingapi?"

"Kimoja. Ungali mutoto."

Kabedi alisogeza tarehe ya muhuri, akakidondoshea kisahani matone mawili ya maji, akajaza fomu. Mkono ulikuwa juu tayari aliposita na kugeuka kutazama ukuta. Latifa naye akatazama. Upande wa dirisha hapakuwa na nafasi, na juu ya kabati palikuwa pamejaa.

"Nyuma ya kabati," Latifa alisema.

Waliinuka wote wawili, mmoja akashika huku na mwenzake huku, wakalisogeza. Nyuma yake palikuwa na kipande cha ukuta safi, cheupe, upana wa mlango. Kabedi alipangusa buibui kwa upindo wa kitenge chake, akarudi mezani, akapiga muhuri.